Shangazi, manjano hayatakitoa hicho kinundu

Shikamoo Shangazi,

Juzi hapo Mikindani ulinipa maziwa ya moto yenye manjano, mazito hata ukingo wa glasi ukabaki na utepe wa njano. Ukasema unakunywa kila alfajiri, saratani isikukaribie. Kisha ukanishika mkono, ukaupeleka kwenye titi lako la kushoto. Nikagusa kinundu, kigumu kama punje ya korosho, hakiumi. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Jina lako silitaji, ila naandika hadharani kwa sababu wanaofanya kama wewe ni wengi.

Manjano siyabezi. Kinachoyapa rangi kinaitwa kurkumini, na maabara zimeona kikizuia seli za saratani zisizaliane. Mwaka 2011, huko Marekani, wavutaji sigara walimeza gramu 4 kila siku kwa siku 30. Vile vijidoa vya utumbo mpana ambavyo huweza kutangulia saratani vikapungua kwa asilimia 40. Sasa piga hesabu nami, Shangazi. Gramu 100 za unga wa manjano zina kurkumini kama gramu 3 tu. Kuzifikia zile 4, ungemaliza zaidi ya nusu ya ile robo kilo unayonunua sokoni, kila siku! Tena inayopenya hadi kwenye damu ni kidogo mno. Na mwaka 2018, wagonjwa wenye vinyama vya kurithi utumboni walimeza gramu 3 kwa siku mwaka mzima. Hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hayo yote ni habari ya kuzuia. Chako kimeshaota.

Vile vidonge vya manjano na pilipili manga unavyotaka kuagiza Dar, acha. Vya namna hiyo vimewahi kuumiza maini ya watu.

Ulisema utaenda hospitali korosho zikishauzwa. Shangazi wangu, usingoje mnada. Pesa nimeshatenga. Tutakwenda hospitali ya rufaa ya kanda, wakupige utrasaundi, na wakiona haja wachukue kinyama wakipime. Vinundu vingi vya titi si saratani. Kikiwa ndiyo, kukigundua mapema kunaongeza sana nafasi ya kupona.

Maziwa yako endelea kunywa, na Jumatatu uniwekee glasi yangu. Saa moja asubuhi nitapiga hodi. Vaa blauzi ya vifungo vya mbele, daktari asikusumbue kuvua.

Bintiyo