Msimkate Amani ulimi

Bukavu, Jumapili

Mama Amani mpendwa,

Usikubali wamkate mwana kile kiuzi cha chini ya ulimi, eti ndicho kinachomzuia kusema K. Umeniandikia mwenyewe kwamba kuku anaiita "tutu" na kiti "titi". Basi T anaitoa safi, na T haitoki mpaka ncha ya ulimi ipande nyuma ya meno ya juu. Ulimi wake haujafungwa. K hutengenezwa nyuma, karibu na koo, na kiuzi hicho hakifiki huko. Mtamuumiza bure.

Mtoto wa miaka 2 akisema "tambada" badala ya sambaza, au "toto" badala ya mtoto, mwache: S na Z hukawia, na silabi isiyo na mkazo huanguka. Ila "tutu" kwa kawaida huisha kabla ya miaka 4, na Amani ana 4 na nusu. L na R usizihesabu, hata wakubwa wa huku wanazichanganya. Wala usiilaumu Mashi, lugha ya bibi yake.

Anza na masikio. Mafua yasiyoisha huacha maji nyuma ya kiwambo cha sikio, na mtoto husikia leo vizuri, kesho vibaya. Omba apimwe kusikia. Kumulikwa sikio peke yake hakutoshi. Wamtazame na kaakaa, hasa kama maziwa humtokea puani.

Halafu mcheze, dakika 10 kila siku. Ukisema "pita", apite mlangoni. Ukisema "pika", akoroge sufuria. Akipatia mara 8 kwa 10, yeye ndiye aamuru. Akitaka upike lakini akasema "pita", wewe pita zako mlangoni! Atashangaa, atajaribu tena.

K ikigoma, alale chali, umshikie ncha ya ulimi chini kwa mpini wa kijiko safi, aseme "ka". Ncha ikizuiwa, ulimi wa nyuma hupanda wenyewe. Fuata na ko na ku. Ki iwe ya mwisho, maana I huvuta ulimi mbele. Ndiyo sababu kiti kitamsumbua kuliko kuku.

Usimwambie "sema vizuri". Akisema "tutu imetimbia", jibu tu: "Eeh, kuku imekimbia", uendelee na kazi yako.

Neno moja akilisema kwa namna tatu tofauti, au hata irabu zikiharibika, hapo ni jambo lingine. Usingoje, tafuta mtaalamu wa matamshi.

Nitumie maneno 20 anayoyatumia sana, uyaandike kama anavyoyatamka yeye.

Wako,
Mama Neema