Mdogo wangu, wale wanajeshi hawakuwa wanazubaa

Mdogo wangu,

Ile voisi noti yako nimeisikiliza yote, mafuriko yamebeba daraja, wanajeshi wamefika na malori ya vyuma vya daraja la muda alafu kutwa nzima wanapimapima kingo tu, na wewe ushaamua wanazubaa. Nakujibu hapa hadharani maana najua mnaowaza hivyo mko wengi.

Yaani pale chuma ndo kitu rahisi kuliko vyote. Daraja la Bailey, lile alilobuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili, paneli moja, yaani kipande cha fremu ya chuma, ina urefu wa mita 3 na uzito kama kilo 260, watu sita wananyanyua, wanaunga kwa pini, hakuna kreni wala kuchomelea. Linaungwa upande mmoja wa mto juu ya rola kisha linasukumwa taratibu hewani mpaka ng'ambo, mbele wamelifungia pua nyepesi ya fremu tupu na uzito mkubwa unabaki nyuma, lisije likapiga mweleka mtoni. Pua ikishavuka inafunguliwa, kwahiyo vile vyuma ulivyoona "vimebaki" havikubaki.

Shughuli iko kwenye udongo. Mafuriko yanachimba chini kwa chini, juu unaona ukingo mzima kumbe ndani pango, sasa wewe tua hapo tani zote zile na lori juu yake uone. Kupima ndo kazi yenyewe.

Mbio wanazo sana tu. Kule Wayanad, India, maporomoko ya tarehe 30 Julai 2024 yalifagia vijiji, na 1 Agosti jioni wahandisi wa jeshi wakawa wamemaliza Bailey ya mita 58 hivi, ya kubeba tani 24, makatapila yakavuka kwenda kufukua.

Tutakapogombana ni kwenye kibao cha uzito, kile kinachosema mwisho wa tani za kupita. Eti rafiki yako dereva anasema daraja la jeshi linabeba vifaru litashindwaje lori lake la mchanga! Linabeba kifaru likipangwa la kifaru, paneli mbili tatu sambamba kila upande, saa nyingine na ghorofa juu yake. Lenu umesema ni mstari mmoja mmoja wa paneli kila upande, sasa kifaru kimetoka wapi? Mwambie huyo rafiki yako dereva agawe mzigo, apige tripu mbili, na wale wanaokuja kukagua pini na kukaza bolti muwapishe bila kupiga honi, magari yenu ndo yanazilegeza.