Risala ya Klabu ya Soka ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mashindano ya Ujirani Mwema, Masasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Chama na Serikali,
Wazee wetu, walimu, na wageni wetu kutoka Nachingwea na Newala,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Masasi, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili ukae nasi juani.

Mashindano haya tuliyaanzisha kwa kuiga mfano wa Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza yenye jina hilo. Mwaka 1926 lilishindaniwa mjini Nairobi na majirani wawili tu, Kenya na Uganda. Mechi ikatoka sare ya 1–1, ikarudiwa, na Kenya ikashinda 2–1. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na kuanzia 1949 ikalitwaa mara tatu mfululizo. Kombe hilo ndilo lililozaa mashindano yanayoitwa leo Kombe la CECAFA, ya mataifa ya Afrika Mashariki na Kati, ambayo Tanzania Bara imeyashinda mwaka 1974, 1994 na 2010. Nasi tulianza majirani wawili, Masasi na Nachingwea, kabla ndugu zetu wa Newala hawajajiunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Klabu imeshika nafasi ya pili katika ligi ya kata, wachezaji wetu wawili wamechaguliwa timu ya wilaya ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, tumenunua jezi seti nzima kwa michango ya wanachama, na jina letu sasa linatajwa katika ukanda wote wa kusini.

Pamoja na mafanikio hayo, tunalo ombi moja, nalo ni uwanja huu uliokanyaga ulipokuja kusalimiana na timu. Bila shaka umeliona korongo linaloanzia kwenye eneo la penalti la upande wa barabarani na kukata hadi kwenye kibendera cha kona. Katika mechi ya asubuhi winga wa Newala, kijana mwenye mbio za kuvutia, kila alipolifikia alilazimika kusimama na kurudisha mpira nyuma, na beki wetu mmoja hayupo leo kwa sababu alivunjika kifundo cha mguu humo humo.

Vijana wamelifukia korongo hilo kwa majembe na mikokoteni kila mwaka kabla ya mvua, na kila mwaka mvua imezoa udongo wote, kwa kuwa maji ya kalavati la barabarani hayana njia nyingine ila kupita katikati ya uwanja. Kwa hiyo kusawazisha peke yake hakutoshi. Kinachotakiwa kwanza ni mtaro wa zege upande wa juu, utakaoyapeleka maji bondeni, ndipo greda lisawazishe, udongo ushindiliwe na nyasi zipandwe mwanzoni mwa masika ili zishike.

Tunayasema haya kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, kwa sababu si mara ya kwanza kusemwa mahali hapa. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alituahidi greda mbele ya umati kama huu, nasi tukampigia makofi kwa moyo mweupe. Likaletwa lori moja la kifusi, ambacho ndicho kile kichuguu kilichoota nyasi nyuma ya goli, wanakokaa watoto sasa hivi. Tulipofuatilia, tuliambiwa tusubiri msimu wa korosho upite. Misimu imepita, korosho zimeuzwa, barua zetu zimepokelewa na kugongwa mihuri, na nakala zake tunazo. Hatumlaumu mtu, lakini wazazi wameanza kutuuliza kwa nini tunawachangisha fedha za mashindano yanayochezwa kwenye korongo, na swali hilo ni la haki.

Kwa upande wetu, mchanga na mawe tutasomba wenyewe, na vijana watachimba msingi wa mtaro bila malipo. Tunachokuomba ni saruji, fundi wa kusimamia, na greda kwa siku zitakazotosha kumaliza kazi. Tunakuomba pia, kwa heshima kubwa, utaje tarehe utakapopanda jukwaani, na uridhie katibu wetu aiandike kwenye kitabu cha kumbukumbu nawe uweke sahihi yako, ili mwakani tukikualika tena tukukaribishe kwenye uwanja uliosawazishwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.