Bei tuziandike, jamani

Habari za asubuhi, mafundi wenzangu. Ukurasa wetu wa Instagram watu wanautazama, ila wanaoagiza ni wachache, na kinachotuponza naona ni hii "bei njoo DM", yaani mtu aulize bei kwa ujumbe wa faragha. Mtu anayetafuta gauni la kitenge saa nne usiku hana subira ya kuulizia. Andikeni bei, saizi na mahali tulipo hapo hapo chini ya picha. Video ianze na mkasi ukipita kwenye kitambaa, nembo ije mwishoni. Reels, zile video fupi za Instagram, huwafikia hata wasiotufuata. Status ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, basi picha nzuri zipandishwe na kwenye ukurasa. Komenti zijibiwe siku hiyo hiyo, tafadhalini. Leo zamu ya kuzijibu ni ya wadarizi.