120/80 Toka Mwanzo Hadi Mwisho: Barua kwa Vijana wa Dawa za Usingizi Mkoani Kigoma

Wanangu mnaotoa dawa za usingizi Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza, pamoja na ninyi mlioko vituo vya afya vya mwambao wa ziwa, ambako mgonjwa huletwa kwa boti,

Nawasalimu. Ningependa kuwaandikia kwa upole tu, lakini hasira haijanitoka, na ni afadhali mlijue hilo mapema.

Majuzi niliitwa kwenye kikao cha kupitia kifo cha mama kilichotokana na uzazi. Kituo sikitaji wala mtu simtaji. Vikao vile si vya kutafuta mchawi. Mama alikuwa bado kijana. Kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati, akapasuliwa usiku. Nikapewa fomu yake ya usingizi. Kila baada ya dakika tano, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho: presha 120/80, mapigo 80. Kalamu moja, mwandiko umetulia, hakuna tarakimu hata moja iliyoandikwa kwa haraka. Karatasi iliyofuata ilikuwa ombi la damu kwenda maabara. Juu pameandikwa "haraka sana", na saa: nne kasorobo usiku. Nikarudi kwenye fomu kutafuta saa nne kasorobo. Presha 120/80. Mapigo 80.

Nani anaomba damu kwa haraka kwa ajili ya mtu mwenye mapigo 80?

Fomu ile ilijazwa baada ya mama kufa, na kila aliyekuwa kwenye kikao alijua. Najua mtanijibu kwamba usiku ule mtu wa usingizi alikuwa peke yake: ndiye anavuta dawa, ndiye anatundika dripu, ndiye anakimbilia mtungi wa oksijeni, na mtoto akitoka hajalia anaitwa yeye. Nakubali, hali ni hiyo na inaniuma. Basi acha nafasi wazi! Andika "sikupima, nilikuwa nafufua". Nafasi tupu inatuambia mlikuwa wachache, na kwa hiyo tunaweza kudai mtu wa pili. 120/80 ya uongo inatuambia kila kitu kilikwenda vizuri na mama akafa tu kwa mapenzi ya Mungu.

Fomu hiyo mnayoidharau ilizaliwa na kifo. Mwaka 1893 Harvey Cushing, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Boston, Marekani, alipewa kazi ya kumlaza mgonjwa kwa etha, na mgonjwa akafia mikononi mwake. Hakuzika jambo lile. Yeye na mwenzake Amory Codman wakaanza kuandika mapigo na upumuaji wa kila mgonjwa muda wote wa upasuaji. Mwaka 1901 Cushing akafika Pavia, Italia, akakuta kipimo cha presha cha daktari Riva-Rocci kinatumika wodini, akakipeleka kwao na presha ikaingia kwenye chati. Vijana wawili wenye majonzi ndio walioanzisha jambo hili, na hawakuwa na mashine ya kuwasaidia kama mlizonazo leo.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu presha yenyewe. Presha ni ya mwisho kuanguka. Mtu akianza kupoteza damu, moyo unakwenda mbio na mishipa ya mikono, miguu na utumbo inajibana ili ubongo na moyo visikose. Mtu mzima wa kilo 60 ana damu ya lita 4 na kidogo. Anaweza kupoteza lita nzima na presha ya juu ikabaki palepale. Mjamzito aliyetimiza miezi yake ana damu nyingi zaidi, kwa hiyo anaficha kwa muda mrefu zaidi, kisha anaporomoka ghafla.

Chukueni mama aliyeingia thieta na mapigo 84, presha 118/72. Nusu saa baadaye mapigo ni 124, presha 112/88. Kijana anasema presha iko sawa. Haiko sawa hata kidogo. Pengo kati ya presha ya juu na ya chini lilikuwa 46, sasa limebaki 24: moyo unasukuma damu kidogo kila unapopiga, na mishipa imejibana kuziba upungufu. Gawanya mapigo kwa presha ya juu. Mwanzo ilikuwa kama 0.7, sasa imevuka 1. Kwa mzazi, 0.9 tu inatosha kukufanya upaze sauti kwa mpasuaji. Hesabu hiyo waliitoa madaktari Allgöwer na Burri mwaka 1967, na haihitaji umeme wala bajeti. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yenyewe ni mapigo.

Mama wa namna hiyo ukimchoma ganzi ya mgongo, unailegeza mishipa ileile iliyokuwa inamshikilia hai. Nimeona presha inaanguka kabla hata ya kumlaza sawasawa. Mpe ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, tena kwa dozi iliyopunguzwa, maana kwa mwili uliokwisha nguvu hata ketamini hulegeza moyo.

Na msidhani dakika chache za presha ya chini hazina gharama. Mwaka 2013 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichambua upasuaji zaidi ya 33,000. Wagonjwa ambao presha yao ya wastani (ile iliyo kati ya ya juu na ya chini) ilishuka chini ya 55, hata kwa dakika chache, walionekana kuumia zaidi figo na moyo. Utafiti ule uliwezekana kwa sababu namba zilikuwepo na zilikuwa za kweli. Kwa fomu zetu za 120/80 angeweza kugundua nini mtu?

Damu nayo msiikadirie kwa macho, macho hupunguza. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida. Damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama uliowekwa chini ya mzazi, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja mara tu damu ilipozidi. Kutokwa damu kukali na madhara yake makubwa kukapungua kwa asilimia 60. Thieta nako someni chupa ya kufyonzea, pimeni gozi zilizolowa, inameni mtazame chini ya meza.

Mengine nayataja tu. Mjamzito akilala chali, muinamishe kushoto. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800, usipoteze hata ya kipimo bure. Mzee wa presha ya miaka mingi, presha inayokufaa wewe kwake ni ndogo. Mkojo upimwe. Gusa viganja. Na usimwache mgonjwa akishatoka mezani: utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wagonjwa wetu, ingawa ni vijana na wana afya kuliko wa kwingineko, wanakufa baada ya upasuaji mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi hufia wodini siku zinazofuata.

Lakini nisiwaseme ninyi peke yenu. Kituo cha Damu Salama, kinachokusanya damu ya kuongezea wagonjwa, kwa Kanda ya Magharibi kiko Tabora, mbali na sisi, na huku kwetu malaria inawaacha wajawazito hawana damu hata kabla ya uchungu kuanza. Jukumu la kuchangia damu tumewabebesha wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji linabaki tupu. Baba mzima anamleta mke wake, akiambiwa atoe damu anaaga kwenda kutafuta ndugu na harudi mpaka asubuhi. Na nyie waganga wakuu na wajumbe wa kamati za afya: mpira wa kipimo cha presha umefungwa kwa plasta, betri haishiki chaji, na oda imelala kwenye meza ya mtu. Kijana anayepima kwa kifaa kile mnategemea aandike nini?

Jumamosi mchana huwa nipo nyumbani, Mwanga, hapa mjini Kigoma. Njooni na nakala za fomu zenu, majina ya wagonjwa mmeyafunika. Leteni zile zenye mapigo 140 na presha isiyosomeka, zenye nafasi tupu na madoa ya damu. Tutakaa kwenye mkeka tuzisome mstari kwa mstari.

Mzee wenu,
mstaafu wa dawa za usingizi,
Kigoma