Petina Gappah ni wa hadithi fupi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu waandishi wa Kiafrika wa zama hizi, ambamo Petina Gappah wa Zimbabwe alipewa mstari mmoja tu, tena kama mwanasheria aliyeandika riwaya. Mstari huo si wa uongo, ila unaanzia mwisho. Gappah alijulikana kwa hadithi fupi kabla hajachapisha riwaya yoyote, na sheria aliyoisomea imeingia ndani ya hadithi hizo kiasi kwamba huwezi kuitaja kama kazi ya pembeni.

Alizaliwa Zambia mwaka 1971, akakulia katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Zimbabwe, kisha Cambridge na Graz, Austria. Kwa miaka mingi alikuwa Geneva, akizisaidia nchi zinazoendelea katika mashauri ya Shirika la Biashara Duniani, na ni katika miaka hiyo ulipotoka mkusanyiko wake wa kwanza, An Elegy for Easterly, mwaka 2009. Ulipata tuzo ya kitabu cha kwanza ya gazeti la Guardian la Uingereza, jambo ninalolitaja kwa kupita tu, maana sisi tukishataja tuzo huona tumemaliza kumsoma mtu.

Hadithi inayonirudisha kwenye kitabu hicho kila mara ni ile ya mzee Vitalis, seremala aliyestaafishwa kiwandani Harare na badala ya kiinua mgongo akapewa jozi tatu za viatu. Bei za vitu zinapopanda mara 97 katika mwaka mmoja, mzee huyu, ambaye amekwisharudi kwao Mupandawana, anaanza kuchonga majeneza, bidhaa pekee ambayo wateja wake hawaadimiki. Kisha, kwa viatu vilevile, anaingia katika mashindano ya kucheza muziki na kuwaacha vijana wakishangaa. Mwisho wake sitausema. Ninachoweza kusema ni kwamba nilicheka hadi nikajionea haya, kwa sababu Gappah hakuandika hata sentensi moja ya kulaani mfumuko wa bei, ameweka viatu tu, navyo vimetosha. Katika hadithi nyingine ya kitabu hichohicho, mjane wa kigogo ameketi kwenye Makaburi ya Mashujaa, hotuba zinaendelea na paredi inapita mbele ya jeneza ambalo yeye anajua fika kwamba mumewe hayumo. Yupo pia mwendawazimu mwenye mimba katika vibanda vya Easterly, mahali panaposubiri tingatinga. Na msomaji anayekumbuka bomoabomoa ya mwaka 2005 nchini humo, ambayo Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa iliwaacha watu wapatao 700,000 bila makazi au riziki, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mkusanyiko wa pili, Rotten Row wa mwaka 2016, umepewa jina la mtaa wa Harare yalipo majengo ya mahakama ya mahakimu. Humo ndimo mwanasheria na msimulizi wanapokuwa mtu mmoja: ipo hata hadithi iliyoandikwa yote kwa umbo la hukumu ya jaji, yenye lugha kavu ya mahakama, lakini chini ya ukavu huo unasikia ndoa ya watu wawili ikivunjika. Mbinu hiyo asingeiweza mtu asiyewahi kusoma mafaili halisi ya kesi.

Nimelivalia njuga jambo hili kwa sababu linatugusa sisi wa Kiswahili. Riwaya yake ya mwaka 2019 inahusu safari ya wale waliobeba maiti ya David Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874, na sehemu ya kwanza inasimuliwa na Halima, mpishi wa msafara, anayemwita marehemu Bwana Daudi. Mwanamke huyo anatoka Unguja, mdomo wake ni wa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, lakini kwenye maduka ya vitabu ninayoyapitia nimemkuta akisema Kiingereza peke yake. Gappah mwenyewe ameshaonyesha njia, kwani alishirikiana na waandishi wenzake kukitafsiri Kishona kitabu cha George Orwell cha shamba la wanyama.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa mwisho wa juma, ambao zamani ulikuwa na hadithi fupi na sasa una matangazo ya mnada, ungeweza kurudishiwa hadithi moja kwa mwezi, na ya kwanza iwe ya mzee Vitalis, kwa idhini ya mwandishi na kwa mkono wa mfasiri anayelipwa. Ina kurasa chache na itaenea bila kukatwa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi