Mwanangu, usikimbilie tandiko la farasi

Kisesa, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Bibi yako mguu umepona na ameanza tena kwenda mnadani. Wadogo zako wanakusalimu na wanadai picha yako ukiwa juu ya farasi. Kwa nilivyoisoma barua yako, hata wewe unaitaka hiyo picha kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Umesema mwezi umekatika hapo Arusha kwenye mabanda ya farasi, unazoa samadi, unachota maji, unapiga brashi na kupeleka farasi malishoni kwa kamba, na mwenzako mliyeanza pamoja ameshapandishwa. Unaniomba nimpigie simu msimamizi wako nimweleze kuwa mama yako ni mtu wa mifugo. Sitapiga, mwanangu. Naona unafundishwa vizuri, na ninachohofia ni mtu kukuonea huruma akakupandisha kabla ya wakati wako.

Sisi Wasukuma hatukukua na farasi. Mbung'o na maradhi havikuwapa nafasi huku, tukabaki na ng'ombe na punda. Mimi mwenyewe nilianza kushika farasi nikiwa mwanafunzi wa mifugo Tengeru, tulipopelekwa mashambani kwa mafunzo ya vitendo. Lakini kufundishwa kwa ngazi unakujua tangu utoto. Kwa babu yako uliona mtoto akianza kutangulia mbele ya maksai, baadaye akapewa kiboko, na plau akaishika mwisho kabisa. Hakuna aliyekabidhiwa plau kwa kuwa amelia. Na farasi ana woga kuliko maksai, tena anakubeba juu juu.

Ngazi ya kwanza ni hiyo uliyopo, nayo ni ndefu. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia. Ukimtokea katika sehemu hizo mbili ghafla, atajihami kabla hajajua ni wewe. Mwendee kwa upande wa bega, ukimsemesha. Tazama masikio: yakielekea mbele ameona kitu, yakilala nyuma kabisa amekasirika, sikio moja likikugeukia anakusikiliza. Mtu asiyesoma masikio akiwa amesimama chini hatayasoma akiwa juu anatetemeka.

Unapomwongoza, kaa usawa wa bega lake la kushoto, wala usimvute ukiwa umetangulia kama unavyovuta mbuzi. Kamba iliyozidi ikunje mkononi mikunjo ya kulala, kamwe usiizungushe kiganjani. Akishtuka na kukimbia, kamba iliyozunguka mkono huondoka na vidole. Mfunge kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja. Je, unaweza kumsimamisha bila kuning'inia kwenye kamba? Kumrudisha nyuma hatua tatu? Kumfanya asogeze makalio kwa kumgusa kidole tu? Ukiweza hayo kwa farasi mpole, jaribu kwa yule mkorofi. Hicho ndicho kipimo, wala si idadi ya wiki.

Kwato ndizo zitakazokuonyesha kama anakuamini. Pitisha mkono kutoka begani ukishuka na mguu, mwache anyanyue mwenyewe. Safisha kutoka kisigino kuelekea mbele, na ile pembetatu laini ya katikati usiichokoe kwa nguvu. Nusa. Harufu ya uozo ina maana banda lina unyevu, na hapo samadi unayoilalamikia inakuwa kazi ya tiba.

Ukimaliza hapo utafundishwa kutandika. Hatamu za kumwongozea, lijamu ya mdomoni, tandiko la kukalia, mkanda wa tumboni. Mkanda usiukaze wote kwa mara moja. Kaza kidogo, mtembeze, kaza tena, na uukague mara nyingine ukishapanda, kwa sababu farasi wengi hujaza pumzi wanapofungwa.

Ndipo utapanda, na hata hapo hutapewa hatamu mapema. Mwalimu mzuri atakuzungusha kwa kamba ndefu, yeye akiwa katikati anamwendesha farasi, wewe kazi yako ni kukaa. Usione aibu. Hapo ndipo mtu anapata kiuno cha mpandaji, akajifunza kutojishikiza kwa hatamu. Mdomo wa farasi una chuma ndani. Kila unapoyumba ukajishika pale, unamwadhibu kwa kosa lako.

Mwendo wa hatua una mapigo manne, nao ni rahisi. Mchakamchaka una mapigo mawili, miguu ikienda kwa mshazari, na ndio unaowatesa wanaoanza, maana unarusha. Utafundishwa kuinuka na kukaa kwa kufuata mapigo, ukiinuka pale mguu wake wa mbele wa upande wa nje ya duara unapokwenda mbele. Shoti ya taratibu ina mapigo matatu, kisha ile shoti kamili inarudi kwenye manne. Kila mwendo uwe umetulia ndani ya uzio kabla hujautoa nje. Na jifunze kusimamisha kabla ya kujifunza kukimbiza: kumgeuza kwenye duara dogo kwa hatamu moja, na kuruka chini akiwa anatembea. Kuruka vizuizi kutakuja, wala sina haraka nako.

Umenitajia yule mgeni Mfaransa aliyesema yuko ngazi ya nne, nawe ukasema huko wenzetu wanapanda tu. Sivyo. Ngazi zao huitwa Galop, ni saba, na mtahiniwa huulizwa pia habari za matunzo na kumshughulikia mnyama akiwa chini. Uingereza chama chao cha vijana, Pony Club, kipo tangu 1929. Mitihani yao huanzia herufi E mpaka A, nayo hupima matunzo ya farasi sambamba na kupanda. Kwa hiyo huko wanakotoka wageni wenu, aliyekaa vizuri juu ya tandiko lakini hajui kumtunza farasi hapandi daraja. Na wewe unataka kuja kuongoza wageni porini, mahali ambapo tembo anaweza kutokea kichakani. Mgeni anatakiwa ajue kumtuliza farasi wake katika kila mwendo. Kiongozi anatuliza wake, huku akiwatazama wa wengine wote.

Sasa sehemu ninayoijua kuliko zote, nayo naomba uisome mara mbili. Ngazi ya juu kwangu mimi ni ya mtu anayegundua farasi anaumwa kabla hajaanguka. Anapokuwa mzima na ametulia, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Jizoeze kupima mapigo chini ya taya, kila farasi wako, mpaka umjue kila mmoja na kawaida yake. Farasi hawezi kutapika. Kinachomsumbua tumboni kitabaki humo au kipite nyuma, kwa hiyo msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Ukimwona anakwangua ardhi, anageuka kutazama ubavu, anataka kulala na kugaagaa, na samadi haipo, ondoa chakula na umwite daktari wakati huohuo. Usisubiri asubuhi. Unaona basi: anayezoa samadi kila siku ndiye anayejua kuwa leo haipo.

Halafu kuna homa ya farasi ya Afrika. Virusi vyake hubebwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu jioni mpaka alfajiri, na huzidi baada ya mvua. Ndiyo maana mnaambiwa muwaingize mabandani kabla jua halijazama. Si ukali wa msimamizi. Wale pundamilia tuliowaona pale Ndabaka tukienda Musoma wanaweza kuwa na virusi hivyo wala wasionekane wagonjwa, lakini farasi wengi wakivipata hufa. Uliza chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na uandike kwenye daftari lako. Ukimwona farasi amevimba juu ya macho, au anatoa povu puani, usingoje ruhusa ya mtu kupiga simu.

Kuhusu mwenzako, mpongeze na umsaidie kutandika. Labda ana mwili mwepesi, labda alishawahi kupanda punda kwao. Muulize msimamizi kwa heshima: "Nionyeshe kitu gani nikiweza utanipandisha?" Hilo ni swali la mtu mzima, na nadhani litamfurahisha.

Viatu nimevipata soko la Mlango Mmoja, nitavituma kwa basi Ijumaa. Vina kisigino kifupi na soli isiyo na meno, ili mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, wala usinase humo. Gambuti zako bakisha za bandani. Kofia ngumu sikukununulia kwa sababu zilikuwepo za mtumba tu, na kofia iliyowahi kupigwa chini hupasuka kwa ndani bila kuonekana. Nunua mpya hapo Arusha, nitakutumia hela kwa simu mshahara ukitoka. Mpaka uipate, usipande hata kwa ajili ya picha, na wadogo zako nimeshawaambia wasubiri.

Mama yako